Unga Upo, Pesa Hakuna: Yemen, 2018

Tarehe 15 Januari 2018 meli iliingia bandari ya Hodeidah, pwani ya magharibi ya Yemen, ikiwa na kreni nne za magurudumu. Zilikuwa za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), na zilichelewa mwaka mzima: Januari 2017 zilikaribia bandari hiyohiyo zikazuiwa, zikarudishwa zilikotoka. Kreni za zamani zililipuliwa Agosti 2015 na ndege za muungano wa kijeshi unaoongozwa na Saudi Arabia. Tangu hapo upakuaji ulikwenda kwa kusuasua, meli zikangoja zamu, na gharama ya kungoja ikaongezwa kwenye bei ya gunia.

Kwingineko kreni nne si habari ya kuandikiwa kitabu. Yemen, hata hivyo, ilikuwa ikiagiza kutoka nje karibu asilimia 90 ya ngano yake na mchele wote, na takriban asilimia 70 ya bidhaa zilizoingia nchini zilipitia Hodeidah na bandari jirani ya Saleef. Aliyeishika Hodeidah alishika mlo wa jioni wa watu wasiojua hata bahari ikoje.

Juma hilohilo, upande wa pili wa nchi, Waziri Mkuu wa serikali inayotambuliwa na dunia, Ahmed Obeid bin Daghr, aliwaomba hadharani wafadhili wa serikali yake waiokoe riali ya Yemen, akionya kwamba ikianguka njaa haitaepukika. Kesho yake Saudia ikatangaza kuweka dola bilioni 2 katika Benki Kuu ya Yemen, na riali ikapata nguvu kidogo.

Ulimwengu uliujua mwaka 2018 wa Yemen kwa picha za mabomu na za watoto waliobaki mifupa. Picha zilikuwa za kweli, ila zilimfanya mtazamaji aamini kwamba chakula kiliisha. Hakikuisha. Katika miji mingi unga ulikuwapo dukani mwaka mzima, umepangwa hadi darini. Kilichopotea ni uwezo wa kuununua, na ulipotea kwa maamuzi ya watu walioketi maofisini, mbali na mstari wa mbele.

Safari ya gunia

Kwanza tuijue vita yenyewe kwa ufupi. Wahouthi, kundi la Washia wa madhehebu ya Zaidi kutoka Saada, kaskazini, waliuteka mji mkuu Sana'a Septemba 2014. Rais Abdrabbuh Mansur Hadi alikimbilia Aden, kisha Riyadh. Tarehe 26 Machi 2015 Saudia na washirika wake, wa mbele wao wakiwa Umoja wa Falme za Kiarabu, walianza mashambulizi ya anga ili kumrudisha madarakani. Rais wa zamani Ali Abdullah Saleh, aliyetawala kwa zaidi ya miaka 30, alishirikiana na Wahouthi, kisha akawageuka, nao wakamuua tarehe 4 Desemba 2017. Mwaka 2018 ukaanza kaskazini ikiwa mikononi mwa Wahouthi peke yao, na kusini ikiwa na rais asiyeishi nchini.

Katika hali hiyo gunia la ngano lilisafiri hivi. Meli ya mfanyabiashara ilianza kwa kuomba kibali katika ofisi ya ukaguzi ya Umoja wa Mataifa huko Jibuti. Ikishapewa, ilingoja baharini hadi wanajeshi wa muungano nao waridhie. Ndipo ikaingia Hodeidah, mji ulio chini ya Wahouthi, na kulipa ushuru wao. Ngano ikasagwa, ikapakiwa kwenye malori, ikaanza kupanda milima kuelekea Sana'a, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Njiani kulikuwa na vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na mtu wake wa kulipwa. Dizeli ya lori nayo ilikuja kwa meli, kwa njia hiyohiyo ya vibali na kungoja.

Gunia likafika. Kwa kawaida ya Yemen, unga huo huwa mkate unaobandikwa kwenye kuta za tanuri ya udongo, tannur, na kuliwa na saltah, mchuzi unaotokota kwenye chungu cha jiwe ukiwa na povu la uwatu juu yake. Vita ilianza kwa kuondoa nyama kwenye saltah. Kisha gesi ikapanda bei, na mitungi mitupu ikapangwa foleni barabarani tangu alfajiri, wenyewe wakiwa wamekwenda kutafuta kibarua. Umeme wa gridi ulikuwa umekatika Sana'a tangu 2015. Mwenye uwezo alinunua paneli ya sola, asiye nao alilala na giza. Soko la mirungi pekee halikutikisika. Mirungi inalimwa nyumbani, haingoji kibali cha Jibuti wala haihitaji dola, na kodi yake hukusanywa taslimu siku hiyohiyo. Ndiyo maana watawala wa pande zote hawakuwa na haraka ya kuigusa.

Benki mbili, riali moja

Mzizi wa njaa ya 2018 ulipandwa Septemba 2016. Hadi wakati huo Benki Kuu iliyoko Sana'a iliendelea kulipa mishahara ya watumishi wa umma pande zote mbili, vita au si vita. Serikali ya Hadi, ikidai kwamba Wahouthi wanazitafuna akiba, iliihamishia benki hiyo Aden. Wahouthi wakabaki na jengo, makarani na sehemu kubwa ya wateja. Aden ikabaki na muhuri unaotambuliwa na dunia. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na cha Yemen kilikuwa na wawili wanaopigana.

Watumishi wa umma walikuwa takriban milioni 1.2. Wengi wao, hasa kaskazini, hawakupata tena mshahara wa kueleweka. Hapo ndipo walimu wa Sana'a walipoanza kuuza vito vya wake zao, kisha samani, huku wengine wakiendelea kufundisha bure asubuhi na kubeba mizigo sokoni mchana. Aden ilichapisha noti mpya nchini Urusi ili kulipia mishahara ya upande wake, na Agosti 2017 ikaiachia riali ijitafutie bei yake sokoni.

Kabla ya vita dola moja ilibadilishwa kwa riali 215 hivi. Mwanzoni mwa Oktoba 2018, katika siku mbaya kuliko zote, iligonga karibu riali 800. Tuseme mtu alikuwa na mshahara wa riali 60,000. Zamani ulikuwa sawa na dola 280. Oktoba 2018, kama aliupata, ulikuwa dola 75. Na mwenye duka hakuwa na namna ya kumhurumia, kwa sababu naye alinunua ngano kwa mtu aliyeilipia kwa dola.

Wengi walijishikiza kwa fedha za ndugu walio Saudia. Lakini Riyadh ilikuwa imeanza kutoza ada mpya wageni, kwanza Julai 2017 kwa familia zao, kisha Januari 2018 kwa waajiri wao. Wayemeni wengi wenye vibarua vya kawaida waliona hesabu haiingii, wakarudi nyumbani kwenye vita. Dola bilioni 2 ziliingia kwa mlango wa mbele huku kipato cha familia kikitokea mlango wa nyuma.

Kusini nako hakukuwa salama kwa kuwa tu hakukuwa na Wahouthi. Mwishoni mwa Januari wapiganaji wa Baraza la Mpito la Kusini, waliotaka nchi yao ya zamani irudi na waliosaidiwa na Falme za Kiarabu, walipigana na walinzi wa serikali ya Hadi ndani ya Aden kwa siku tatu. Zaidi ya watu 30 waliuawa, na waziri mkuu akazingirwa katika kasri ya Maashiq. Pande zote mbili zilikuwa zikilipwa na muungano mmoja.

Idi ya Hodeidah

Aprili ilianza na mkutano wa wafadhili mjini Geneva. Umoja wa Mataifa uliomba karibu dola bilioni 3 kwa ajili ya watu milioni 22.2 wenye kuhitaji msaada, robo tatu ya nchi. Ahadi zilifika dola bilioni 2, na karibu nusu ya hizo zilitoka Saudia na Falme za Kiarabu. Waliokuwa wakipiga ndio waliokuwa wakilipia bendeji. Kabla mwezi haujaisha, shambulio la anga lilimuua Saleh al-Sammad, mkuu wa baraza la utawala la Wahouthi, mjini Hodeidah, na jingine likapiga harusi katika mkoa wa Hajjah na kuua zaidi ya watu 20.

Ramadhani ilipoingia katikati ya Mei, majeshi yanayosaidiwa na Falme za Kiarabu yalikuwa yakipanda na pwani ya Tihama kutoka kusini. Humo mlikuwa na vikosi vya Majitu, wenyeji wa Tihama, na askari wa Tareq Saleh, mpwa wa yule rais wa zamani aliyeuawa, ambaye miezi michache nyuma alikuwa upande wa pili. Tarehe 13 Juni, Idi ikiwa imebaki siku mbili, shambulio la Hodeidah likaanza. Mji huo ulikuwa na watu wapatao 600,000.

Idi ilisaliwa mapigano yakiwa kwenye uwanja wa ndege, kusini mwa mji. Tihama mwezi Juni ni joto la kukausha mate mdomoni, na maji ya bomba yalikatwa mitaa kadhaa kwa sababu mahandaki yaliyochimbwa na wapiganaji yaliharibu mabomba. Wenye nauli walipanda mabasi kwenda Sana'a. Nauli nayo ilipanda. Kufikia Julai zaidi ya watu 120,000 walikuwa wameyahama makazi yao.

Wakuu wa muungano walisema mji ukichukuliwa, Wahouthi watakosa ushuru wa bandari na kulazimika kupatana. Mashirika ya misaada yalisema bandari ikifungwa, watakaokufa si Wahouthi. Mashambulizi yakasimama, yakaanza, yakasimama tena, na kila yalipoanza wafanyabiashara waliogopa kuagiza shehena mpya na bei ikapanda kabla hata risasi haijafika bandarini.

Dahyan

Tarehe 9 Agosti basi la watoto lilikuwa limesimama sokoni Dahyan, mkoa wa Saada. Walikuwa wanafunzi wa masomo ya Kurani ya likizo, katika matembezi waliyoyangoja. Mmoja alirekodi kwa simu: wamejazana vitini, wanapiga kelele, kila mmoja anataka kuonekana. Kisha ndege ya muungano ikalipiga basi. Kwa hesabu ya Msalaba Mwekundu watu 51 waliuawa, 40 kati yao watoto.

Msemaji wa muungano alisema kwanza kwamba lilikuwa tendo halali la kijeshi. Wataalamu wa silaha walioonyeshwa picha za vipande vya bomu walilitambua: MK-82, la kuongozwa kwa leza, lililotengenezwa na Lockheed Martin ya Marekani. Tarehe 1 Septemba muungano ukakiri makosa na kuahidi kuwawajibisha wahusika.

Dahyan ilifanya kile ambacho takwimu za miaka mitatu zilishindwa kufanya. Mjini Washington wabunge walianza kuuliza nani anayezijaza mafuta angani ndege hizo, na jibu lilikuwa: sisi. Lakini siasa huhitaji muda, na Septemba ilipofika mambo mengine mawili yalikuwa yameharibika. Mazungumzo yaliyopangwa Geneva tarehe 6 Septemba hayakufanyika. Wahouthi hawakuondoka Sana'a. Walidai majeruhi wao wasafirishwe na wao wenyewe wahakikishiwe kurudi, kwa kuwa uwanja wa ndege ulifungwa kwa safari za abiria tangu Agosti 2016. Mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Martin Griffiths, alingoja siku tatu. Siku chache baadaye majeshi yanayosaidiwa na Falme za Kiarabu yaliteka makutano ya Kilo 16, barabara kuu ya kutoka Hodeidah kwenda Sana'a ikakatika, na malori yakaanza kuzunguka kwa njia ndefu ya kaskazini.

Kando ya mapigano hayo, mashariki ya mji, vilikuwapo vinu vya Bahari ya Shamu. Ndani ya maghala yake WFP ilikuwa na tani 51,000 za ngano, za kuwatosha watu milioni 3.7 kwa mwezi mmoja. Hakuna aliyeweza kuzifikia tena hadi mwaka huo ulipokwisha. Tani zote hizo zilikaa gizani, katika joto la Tihama, huku wadudu wakizianza.

Majani ya halas

Ni Septemba hiyohiyo riali iliporomoka. Aden waliwasha matairi barabarani na kufunga maduka. Maandamano yalifika Mukalla na miji mingine ya Hadhramaut, nchi ya asili ya Washihiri wa Mombasa, Lamu, Unguja na Dar es Salaam, ambao mababu zao walikuja na pepo za kaskazi wakitoroka ukame na njaa za zamani. Hadhramaut haikuwa uwanja wa vita, na bado watu walitoka barabarani, kwa sababu riali ya Mukalla na riali ya Hodeidah ilikuwa riali moja. Sana'a nako, tarehe 6 Oktoba, wanafunzi waliojaribu kuandamana kwa sababu ya bei walikamatwa na Wahouthi, wasichana wakiwamo. Tarehe 15 Oktoba Hadi alimfukuza kazi bin Daghr, akimlaumu kwa uchumi. Mtu aliyeonya Januari akatupiwa lawama Oktoba.

Mwenye njaa hana miiko. Katika wilaya ya Aslam, mkoa wa Hajjah, watu walikuwa wakila halas, mmea wa kutambaa wenye majani manene unaoota porini. Wanawake waliyachuma, wakayaosha, wakayachemsha kwa muda mrefu, wakayasaga hadi yakawa rojo ya kijani kibichi yenye uchachu, wakawalisha watoto. Zamani majani hayo yalikuwa kitoweo cha pembeni. Sasa yalikuwa mlo, asubuhi na jioni, na maji ya kuyaoshea yenyewe hayakuwa salama katika nchi iliyotoka kupata zaidi ya visa milioni moja vilivyoshukiwa kuwa vya kipindupindu. Watoto walianza kuharisha, na anayeharisha huku hali kitu hadumu.

Kituo cha afya cha Aslam ndiko kulikotoka ile picha ya msichana wa miaka saba, mbavu zake zikihesabika, iliyochapishwa na New York Times Oktoba. Familia yake ilikuwa imekimbia mashambulizi ya anga huko Saada. Alitolewa kitandani ili wagonjwa wapya wapate nafasi, akafia kambini. Novemba shirika la Save the Children lilikadiria kwamba watoto 85,000 wa chini ya miaka mitano huenda walikufa kwa njaa kali au magonjwa yake tangu vita ianze. Na umbali wa saa chache kwa gari kutoka Aslam, kwenye masoko ya miji, magunia yalikuwapo.

Rimbo

Tarehe 2 Oktoba mwandishi wa Kisaudia Jamal Khashoggi aliingia ubalozi mdogo wa Saudia mjini Istanbul asitoke tena. Kifo cha mtu mmoja Uturuki kikafungua mlango ambao vifo vya Yemen vilikuwa vimeugonga kwa miaka. Tarehe 30 Oktoba Waziri wa Ulinzi wa Marekani, James Mattis, alizitaka pande zote zikae mezani ndani ya siku 30. Novemba 9 ikatangazwa kwamba ndege za Marekani hazitazijaza tena mafuta ndege za muungano. Siku zilezile, kila upande ukitaka kwenda mezani na kipande kikubwa zaidi, mapigano ya Hodeidah yalikuwa makali kuliko wakati wowote, na yalifika hadi kwenye hospitali ya Mei 22.

Mkutano ulifanyika Uswidi, katika kasri ya Johannesberg huko Rimbo, kuanzia tarehe 6 Desemba. Safari hii Wahouthi walifika, kwa ndege iliyotolewa na Kuwait, baada ya majeruhi wao 50 kupelekwa Muscat. Tarehe 13 mkuu wa ujumbe wao, Mohammed Abdulsalam, alipeana mkono na Waziri wa Mambo ya Nje wa Hadi, Khaled al-Yamani, mbele ya Katibu Mkuu António Guterres. Siku hiyohiyo Baraza la Seneti la Marekani lilipiga kura 56 kwa 41 kutaka nchi yao ijitoe katika vita hiyo.

Walichokubaliana kilikuwa na uzito: kusimamisha vita Hodeidah na kuondoa majeshi bandarini, kubadilishana wafungwa, na kuunda kamati ya kuujadili mji wa Taiz. Wasichokubaliana ni kuiunganisha Benki Kuu, kulipa mishahara, na kufungua uwanja wa ndege wa Sana'a. Yaani walimaliza habari ya mahali gunia linapoingilia nchini, wakaiacha habari ya mtu wa kulinunua.

Mapigano ya mji yalipungua kuanzia tarehe 18, na hilo liliokoa maisha. Siku chache baadaye Jenerali Patrick Cammaert wa Uholanzi akawasili Hodeidah kusimamia utekelezaji. Tarehe 29 Wahouthi walitangaza kwamba wameikabidhi bandari kwa walinzi wa pwani. Serikali ya Hadi ikajibu kwamba ni watu walewale waliobadili sare. Tathmini ya kimataifa iliyotoka mwezi huo ilihesabu watu milioni 15.9, zaidi ya nusu ya nchi, wenye uhaba mkubwa wa chakula, hata baada ya kuhesabu msaada waliokuwa wakipata.

Tarehe 31 Desemba WFP ilitoa tamko kali. Uchunguzi wake uligundua kwamba chakula cha msaada kilikuwa kikiuzwa waziwazi katika masoko ya Sana'a, na kwamba shirika moja la kugawa, lenye uhusiano na wizara ya elimu ya Wahouthi, lilikuwa likighushi orodha za wanaopokea. Mkurugenzi wa WFP wakati huo, David Beasley, alisema wizi huo ni kuwapokonya wenye njaa chakula mdomoni. Alikuwa sahihi, na wezi hao hawana cha kujitetea. Lakini tamko hilo lina maana nyingine pia. Mwizi haibi kitu kisicho na mnunuzi. Siku ya mwisho ya mwaka, Sana'a ilikuwa bado na watu wenye pesa ya kununua gunia la msaada, na jirani zao wasioweza kununua hata mkate mmoja wa tannur.

Ndiyo maana meli nyingi zaidi peke yake zisingetosha, kama ambavyo kreni nne za Januari hazikutosha. Mapatano ya Yemen yatakayowafikia watu wa kawaida itabidi yaanzie kwenye daftari la mishahara: nani analitunza, nani anatia sahihi, na noti za benki ipi zinalipwa mwisho wa mwezi.